Sirudi Mama, Bado Tunacheza

Likasi, mtaa wa Kikula, Kongo
Jumapili, mvua haijakatika tangu alfajiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mbali, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti kimoja nilicho nacho nimekiweka chini ya paa linalovuja kibebe sinia la kukinga maji. Goti lako la kulia linasemaje? Na macho je, daktari amesemaje kuhusu huyo mtoto wa jicho? Kuku wako mwekundu bado anataga chini ya kitanda cha wageni? Mimi ni mzima. Kiangazi kifua kilinibana kwa vumbi, lakini sasa vumbi limegeuka tope na kifua kimepumzika. Tope lenyewe ni jekundu, likiingia kwenye nguo halitoki mpaka nguo ichanike.

Najua macho yako hayakuruhusu kusoma, kwa hiyo anayekusomea ni Kaka Hamisi. Kaka, shikamoo na wewe. Soma polepole, usiruke mstari, na usitie sauti ya hasira mahali ambapo mimi sikuitia. Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi. Kwenye simu unanikata kauli, halafu unasema mtandao ndio uliokata. Karatasi haikatwi kauli. Mama, karatasi ziko nne, zihesabu kwa vidole kabla hajaanza. Zikipungua, muulize Mama Riziki wa dagaa aliyezileta, yeye ameniona nikizikunja.

Nianze na ujumbe wenu. Kaka alinitumia sauti ndefu, akasema hivi: mume aliyekupeleka huko amekuacha, huna mtoto, huna shamba, na kazi yenyewe ni kuchezesha vitoto vya watu. Akasema jirani wanacheka. Akasema, mcheza kwao hutunzwa, wewe unacheza ugenini bure, basi urudi kabla ya Ramadhani. Mwisho akasema wewe Mama unalia kwa aibu.

Habari za mume ni kweli. Alikwenda mpakani Kasumbalesa kununua unga, akanunua na mke. Nilishalia, nikanyamaza, nikauza kitanda chake. Habari za wewe kulia kwa aibu siziamini mpaka unitumie neno kwa mdomo wako mwenyewe. Na habari za kurudi, jibu langu ni kwamba sirudi. Sasa nieleze kwa nini, maana wiki hii karibu nirudi kwa kufukuzwa, na hilo nalo ninyi hamlijui.

Mahali ninapofanya kazi wanapaita kreshi. Ni nyumba ya kulelea watoto wadogo wakati wazazi wako kazini: chumba kimoja kikubwa cha matofali, sakafu ya saruji, bati juu. Watoto ni kumi na wanne, mkubwa hajafika miaka mitatu. Baba zao wengi wanachimba mawe ya shaba kwa mikono, mama zao wanauza sokoni Kikula au wanaosha hayo mawe. Zamani watoto hawa walikwenda na mama zao kwenye kuosha, wakakaa kwenye tope kutwa nzima. Nimewaona kwa macho yangu. Mwenye kreshi ni mama mmoja wa kanisa, watu wote wanamwita Mama Direktrisi. Si mtu mbaya. Huomba kabla ya kugombana, kwa hiyo akifumba macho najua kuna jambo linakuja. Mimi naitwa Mama Kigoma, kana kwamba nilizaa mji mzima.

Mvua zikianza huku hakuna kutoka nje. Midoli hatuna. Kuna vitoto kumi na vinne, vinne vinalia, kimoja kinauma wenzake, na mlango umefungwa. Ungefanya nini, Kaka? Ungewapigia kelele. Mimi nilikumbuka nyumba yetu ya Ujiji wakati wa masika, na nikamkumbuka Mama.

Nikaweka beseni la maji katikati, vikombe vitatu na chupa iliyokatwa. Kuna mtoto anaitwa Merveille, ndiye yule anayeuma. Alimimina maji kutoka kikombe hadi chupa, kutoka chupa hadi kikombe, ulimi nje, mpaka adhana ya adhuhuri ya msikiti wa mbali ikanifikia, na hajauma mtu. Siku nyingine nikachukua unga uliopata wadudu, nikaumwaga kwenye sinia pana, wakachora kwa vidole. Mzazi mmoja akashtuka kuona chakula kinachezewa, nikamwonyesha wadudu, akaondoka ameziba pua. Nikaomba makatoni ya sabuni kwa muuza duka, yakawa nyumba. Masufuria na miko yakawa ngoma, hapo ndipo kichwa kinaniuma. Na wakichoka, natandaza kanga yangu, namfunika mmoja, nauliza, yuko wapi fulani? Hayupo. Jamani amekwenda wapi? Yeye huko chini anacheka mpaka anapata kwikwi.

Mama, hayo yote ni ya kwako. Mvua ikinyesha ulikuwa unaacha chungu jikoni, unakaa sakafuni, unamfunika mdogo wetu kwa kanga ya njano. Kaka Hamisi alikuwa darasa la pili tayari, na shati la shule mwilini, naye akajipenyeza chini ya kanga atafutwe. Soma hapo vizuri, Kaka, usikohoe.

Basi shida ilianza kwa neno moja. Kila jioni wazazi wakija wanamuuliza mtoto amesoma nini, na mtoto anajibu, nilicheza. Wa kwanza kukasirika alikuwa baba wa mtoto anayeitwa Exaucé. Exaucé ana miaka miwili na nusu, kichwa kikubwa, mpole, anapenda kupanga vitu mstari. Baba yake ni mchimbaji, mtu mrefu asiyesema sana, kucha zake zimeingia rangi ya mawe haitoki tena. Alisimama mlangoni, matone yanamtiririka, akaniambia:

"Minye nilileta mutoto asome. Kila mangaribi namuuliza, ulisoma nini? Anasema, nilicheza. Kucheza iko kwetu ku nyumba, Mama Kigoma."

Nikamwambia mtoto wa umri huu kusoma kwake ndiko huko. Akambeba mwanawe begani akaondoka, na kesho yake wazazi wengine watatu wakawa na swali hilohilo. Mtaa wa pili kuna mahali wanawakalisha vitoto kwenye benchi na vibao, wanaimba hesabu kwa Kifaransa, na wazazi wanapapenda.

Jumanne iliyopita Mama Direktrisi akaniita, akafumba macho. Alipoyafumbua akasema Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Atawauliza watoto mbele ya watu wamesoma nini. Mimi nisilete ubishi, akanipa na dawa yenyewe:

"Ubafundishe tu baseme 'nilisoma'. Kaneno kamoja. Bazazi batafurahi, na weye utaendelea na maji yako."

Nilimwambia siwezi. Mtoto ndiyo kwanza anajifunza kusema, halafu neno ninalompa mimi liwe uongo? Akasema si uongo, ni heshima kwa wazazi. Akasema basi tuiite aktivité. Nikamwambia kwa Kifaransa aite apendavyo, mtoto atasema kucheza kwa sababu amecheza. Hapo akasema kama Jumamosi wazazi hawataridhika, Jumatatu nisije. Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana nikajua amemaanisha.

Nikatoka hapo nimefura. Na siku hiyohiyo ndipo nilipofanya kosa langu, Mama, nalo nakuandikia mwenyewe kabla halijakufikia kwa midomo ya wauza dagaa.

Barabara ya kwetu hapa huwa wanaifukia mashimo kwa mawe. Mvua ikiyaosha, mengine yanatoka ya kijani kibichi, yana mistari. Mimi mtu wa Ujiji nimeona mawe mazuri, nimeokota. Nikayaosha kwa sabuni, nikachagua makubwa, nikayatia kwenye beseni wayapange. Exaucé alifurahi kuliko siku zote. Alipanga mstari kutoka ukutani hadi mlangoni.

Alasiri mvua ikakatisha kazi za machimbo, baba yake akaja mapema. Akasimama mlangoni, akatazama sakafu, uso ukambadilika. Akasema:

"Mama Kigoma, tosha. Tosha hii yote."

Miaka mitano nimeishi huku. Najua kabisa kwamba kwa watu wa hapa kutosha ni kutoa, kuondoa. Mtu anakwambia tosha viatu, unavua viatu. Nalijua hilo neno na nalitumia sokoni. Lakini hasira zikipanda masikio yanarudi kwao, na mimi nilisikia Kiswahili cha Ujiji: basi, imetosha, hii michezo yako yote imetosha. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni, nikamwambia haitoshi. Haitoshi, Papa Exaucé, na haijaanza kutosha. Mnataka nimfunge mtoto kwenye benchi kama mzigo, simfungi. Akataka kupita, nikamzuia kwa mwili wangu mzima, na mwili wangu unaujua. Akasema tena, tosha, tosha, nami nikajibu tena, haitoshi.

Akanisukuma, Mama. Si kwa nguvu, alinisukuma kama unavyosukuma mlango. Akapiga magoti, akamshika Exaucé taya, akaingiza kidole mdomoni, akatoa jiwe.

Lilikuwa kipande kilichomeguka kwenye jiwe kubwa, kidogo tu, kinang'aa kwa mate. Watoto wote wakageuka. Hata Merveille aliacha kumimina. Yule baba akalifuta lile jiwe kwenye suruali, akaniwekea kiganjani, akasema taratibu:

"Hii majiwe haiko ya kucheza. Inatoka mu machimbo, kamioni inaimwangaka mu njia. Ingine bantu banaitosha kule Shinkolobwe kwa kujificha, hauwezi kujua ni gani. Minye mwenyewe siwezi kuiweka mu kinywa."

Nilikuwa nimesikia habari za Shinkolobwe tangu siku ya kwanza, machimbo ya urani yenye sumu yaliyofungwa, ambayo watu hawataki hata kuyataja wakila. Sikufikiri kwamba jiwe lina miguu. Nilikaa sakafuni palepale. Niliona aibu, Mama, aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa na jirani. Tukaokota mawe yote, mimi na yeye. Tukaosha sakafu mara tatu, tukaosha mikono ya watoto wote na midomo yao. Alipokuwa anaondoka nikamwambia sikumsikia vizuri, kwetu tosha ina maana nyingine. Akauliza maana gani. Nikamweleza. Akafikiri, akasema sasa ameelewa kwa nini nilikuwa namkatalia kitu ambacho hakukiomba, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Direktrisi nikamweleza. Alifumba macho muda mrefu. Usiku ule niliwaza maneno yako Kaka, na nikiri, nilitoa sanduku chini ya kitanda nikalitazama.

Ijumaa mvua ilinyesha tena. Saa nne hivi mlango ukagongwa, nikaona Papa Exaucé na kiroba begani. Nikadhani amekuja kumchukua mwanawe moja kwa moja. Akapindua kiroba sakafuni, vikamwagika vipande vya mbao, vile vinavyobaki wanapokata magogo ya kuzuia udongo usianguke shimoni. Vyote vimekatwa sawasawa na kupigwa msasa, hakuna kibanzi. Akachukua kipande kimoja, akamwita Exaucé, akakipima mdomoni mwake. Hakiingii. Akachukua cha pili, akapima. Alipima vyote, Mama, kimoja kimoja, na mtoto alikuwa anafungua mdomo kwa utiifu kama yuko kwa daktari wa meno.

Nilidhani ataondoka. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na Exaucé ameanza kupanga vibaya, chembamba chini, kinene juu. Mchimbaji hawezi kuvumilia kuona hivyo. Akachuchumaa, akamwonyesha, kinene chini, chembamba juu, hivi ndivyo shimo halikuangukii. Mnara ukapanda. Exaucé akautazama kwa heshima, kisha akaupiga teke.

Baba akakasirika, akapanga tena. Mtoto akaangusha tena. Mara ya tatu baba akaweka kipande cha juu kabisa, akarudisha mkono polepole, akamtazama mwanawe, wakasubiriana. Mtoto akapiga. Yule mtu akacheka, Mama. Alicheka kwa sauti ambayo nadhani hata yeye haijui, akakaa chini kabisa na matope yake, na watoto wote kumi na wanne wakamwendea na vipande mkononi. Alikaa mpaka mvua ikaisha. Mimi nilijitia nafagia kona ileile moja.

Jumamosi wazazi walijaa. Nilivaa ile kanga uliyonipa ya mwisho, ya kahawia, ili nikifukuzwa nifukuzwe nimependeza. Kabla Mama Direktrisi hajaanza nikaomba kusema, nikasema habari ya mawe, yote, na kwamba kosa ni langu. Watu wakaguna. Baba mmoja aliinuka akasema hayo ndiyo matunda ya kucheza. Nikasema hayo ni matunda ya kutojua mawe, na sasa nimefundishwa, lakini kucheza siachi, na uongo siufundishi.

Mama Direktrisi akataka kupoza mambo. Akamwita Exaucé katikati, pengine kwa kuwa ndiye mpole, akainama akamuuliza kwa sauti tamu, Exaucé, ulisoma nini wiki hii? Mtoto akatazama watu, akatafuta, akamwona baba yake ukutani. Akanyoosha kidole.

"Nilicheza na papa."

Watu wakacheka. Mchimbaji mzima, mbele ya wachimbaji wenzake. Nilimwona anainamisha kichwa, nikasema moyoni sasa atanikana, na nisingemlaumu. Akainuka.

"Njo vile. Nilicheza naye," akasema. "Minye, mu utoto, hakuna muntu alichezaka na minye."

Akaketi. Kicheko kikafa, na wanaume kadhaa wakaanza kutazama viatu vyao.

Sitakudanganya kwamba wote walikubali. Wawili wamewahamisha watoto wao kwenda kwenye vibao, na Merveille ni mmojawapo, nimeumia, ingawa vidole vya wenzake vimepona. Mama Direktrisi ameniambia nibaki mpaka mvua ziishe, halafu tutaona. Nami nimemwambia sawa, tutaona. Mvua zikiisha nitatafuta namna ya kuja kukusalimu, nikupeleke kwa daktari wa macho mwenyewe, nikae mwezi mmoja, nile mgebuka wa ziwani mpaka nichoke. Kisha nitarudi huku. Wakinifukuza hapa nitaomba chumba pengine, beseni ninalo na kanga ninayo.

Kaka Hamisi, methali yako nimeipokea na nakurudishia. Mcheza kwao hutunzwa, kweli. Mimi nimecheza, na mtu asiye ndugu yangu amekesha anapiga msasa mbao ili watoto wangu wasichomwe na vibanzi. Nimetunzwa. Basi hesabu mwenyewe kwetu ni wapi. Usiniombe tena nirudi kwa sababu jirani wanacheka. Watu hucheka, halafu hutazama viatu vyao.

Mama, nina ombi moja. Amalizapo kusoma, usimwambie kitu. Vua kanga yako ya mabegani, mfunike kichwani na miwani yake, uulize, yuko wapi Hamisi? Hayupo. Jamani amekwenda wapi? Nitasubiri nisikie alifanya nini.

Nisalimie shangazi wa Mwanga, mwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia ila harufu ilinifukuzia wageni. Nisalimie wifi, mke wa Kaka, ambaye najua anasikiliza kutoka jikoni na anatabasamu. Nisalimie mdogo wetu aliyekuwa chini ya kanga, sasa ana ndevu. Nisalimie na yule bibi jirani anayecheka, mwambie nami nacheka.

Nakubusu mikono yote miwili. Mola akuhifadhi mpaka nije.

Mimi mwanao Zuhura. Ukiniuliza kama wazazi wa huku, wiki hii nimesoma nini: nilicheza.